Kwetu ni kwa Nani? Maisha ya Erica Fiah na Umiliki wa Neno katika Tanganyika ya Kikoloni

1.0 Utangulizi

Historia ya magazeti ya Kiswahili imezoeleka kuelezwa kwa kufuata mikono iliyoyalipia. Wamisheni wa UMCA walianzisha Msimulizi huko Unguja mwaka 1888. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na Kiongozi lililotolewa Tanga, na mwaka 1910 wamisheni wa Kilutheri na wa Kikatoliki walitoa Pwani na Bara na Rafiki Yangu. Serikali ya Waingereza nayo ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923, chini ya Idara ya Elimu. Katika magazeti haya yote Waafrika waliandika kwa wingi. Walileta habari za vijijini, mashairi, mafumbo na hoja, na Kiswahili chao ndicho kilichoyapa magazeti hayo uhai. Hata hivyo, uamuzi wa mwisho juu ya kipi kichapwe na kipi kitupwe haukuwa wao.

Hali hiyo ilipata ufa mwezi Novemba 1937, gazeti la Kwetu lilipotoka mjini Dar es Salaam. Lilikuwa gazeti la kwanza nchini Tanganyika kumilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika, na mwenye gazeti alikuwa Erica Fiah. Makala haya yanasimulia maisha yake ya hadharani kwa lengo la kutetea hoja moja: kwamba umiliki wa chombo cha habari ni sharti la kwanza la uhuru wa kusema, lakini si sharti la pekee. Fiah alikuwa na gazeti kabla ya kuwapo umma uliojipanga kulibeba. Miaka ishirini baadaye, katika wilaya za Usukuma, hasa Geita, kulikuwa na umma uliojipanga barabara ambao haukuwa na gazeti lake. Maisha ya Fiah yakisomwa sambamba na tukio hilo la Geita yanaeleweka vizuri zaidi kuliko yakisomwa peke yake, na ndiyo sababu sehemu ya sita inahamia Kanda ya Ziwa.

2.0 Kutoka Uganda hadi Dar es Salaam

Fiah alikuwa Muganda. Aliingia katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na majeshi ya Waingereza yaliyokuwa yakiwafukuza Wajerumani. Vita hiyo iliwakokota Waafrika kwa maelfu kutoka nchi zote za Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa wapagazi. Alama yao imebaki katika jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliopewa jina la kikosi cha wapagazi hao. Fiah ni mmoja wa wale ambao vita ilipokwisha hawakurudi makwao. Alibaki Dar es Salaam, akafanya kazi ya ukarani, kisha akaiacha na kufungua duka.

Hatua hiyo ya kuacha ukarani inastahili kuzingatiwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 karani Mwafrika alikuwa mtu wa heshima. Alikuwa na mshahara wa mwezi, alivaa suti, na alikaa karibu na wenye madaraka. Chama cha Waafrika kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambacho mwishowe kilizaa TAA na hatimaye TANU, kiliongozwa kwa sehemu kubwa na makarani na walimu wa namna hiyo. Lakini mtumishi wa serikali alifungwa mdomo na ajira yake. Mwenye duka, hata liwe duka la chumvi na mafuta ya taa, hakuwa na bwana wa kumfukuza kazi. Aliyoyasema Fiah baadaye yasingeweza kusemwa na karani bila kupoteza mkate wake.

Fikra zake hazikuishia kwenye mipaka ya mji. Fiah aliathiriwa na mafundisho ya Marcus Garvey, Mjamaika aliyeanzisha chama kikubwa cha watu weusi kilichokuwa na makao yake Marekani na kuhimiza biashara, umoja na fahari ya watu weusi popote walipo. Garvey mwenyewe alikuwa mpigachapa kwa taaluma, na chama chake kilienea kwa nguvu ya gazeti. Si ajabu basi kwamba wazo la kujitegemea kibiashara na wazo la kuwa na gazeti vilikwenda pamoja katika kichwa cha Fiah.

3.0 Chama cha wenye maduka

Mwaka 1934 Fiah alishiriki kuanzisha chama cha wafanyabiashara wa Kiafrika. Hali iliyokizaa chama hicho ilikuwa ngumu. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeshusha bei za mazao, na fedha mikononi mwa wanunuzi zilikuwa haba. Sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji nayo ilikaza kamba. Ilidaiwa kumlinda Mwafrika asinaswe na madeni, lakini kwa vitendo ilimfanya mwenye duka la jumla asite kumkopesha bidhaa, kwa kuwa deni lisilopata kibali halikuweza kudaiwa mahakamani. Biashara ya rejareja huishi kwa mali kauli, na bila mali kauli mwenye duka mdogo hubaki kuuza kilichomo kwenye debe moja.

Chama hicho hakikutosheka na mambo ya maduka. Muda si mrefu kilijitangaza kuwa chama cha ustawi na biashara cha Waafrika wa Tanganyika nzima, kikadai kusema kwa niaba ya Waafrika wote wakiwamo maskini wa mjini ambao vyama vya wasomi havikuwajali sana. Dai hilo lilikigonganisha na Chama cha Waafrika. Mgongano huo ulikuwa wa watu binafsi wanaogombea uongozi, lakini ulikuwa pia wa tabaka na wa namna ya kufanya siasa. Upande mmoja ulisimamia subira, adabu na maombi kwa barua, na upande mwingine ulitaka lawama zitolewe hadharani. Serikali ilimwona Fiah kuwa msumbufu. Wapinzani wake nao hawakukosa silaha, kwani alikuwa mtu wa kuja, na mtu wa kuja anapodai kuwasemea wenyeji huulizwa kwanza kwao ni wapi.

Ukweli ni kwamba chama chake hakikupata mizizi ya kudumu. Wenye maduka walikuwa wachache na wenye mitaji midogo. Wafanyakazi wa mjini, ambao wengi walikuwa vibarua, walikuwa bado hawajakiona kuwa chama chao. Kilichobaki mkononi mwa Fiah kilikuwa ni sauti, na sauti hiyo aliitafutia karatasi.

4.0 Kwetu: jina, umiliki na lugha

Jina la gazeti linastahili uchambuzi wa kiisimu. Kwetu ni umbo lenye kiambishi cha mahali ku- kikiambatana na kimilikishi -etu. Kiambishi hicho hutaja mahali pasipo mipaka dhahiri, tofauti na petu, ambapo mahali panajulikana, au mwetu, ambapo mahali ni ndani ya kitu. Nafsi ya kwanza wingi katika Kiswahili nayo haibagui kati ya sisi inayomjumuisha msikilizaji na sisi inayomwacha nje. Kwa sababu hiyo, jina hilo fupi lilibeba utata wenye faida. Liliweza kumaanisha kwetu wenye maduka, kwetu watu wa Dar es Salaam, kwetu Waafrika wa Tanganyika, au kwetu watu weusi wa dunia nzima kwa mujibu wa fikra za Garvey. Mwandishi wake alikuwa ametoka katika lugha ambayo nayo ina neno la maana hiyohiyo, ewaffe, akalitumia wazo lake kwa Kiswahili katika nchi ambako hakuzaliwa. Wale waliomwuliza kwao ni wapi walijibiwa na kichwa cha gazeti.

Umiliki wa gazeti hilo ulikuwa na masharti. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1928 ilimtaka mwenye gazeti alisajili na aweke dhamana, na masharti ya namna hiyo humwelemea zaidi mwenye mtaji mdogo. Mambo Leo halikubebeshwa mzigo huo kwa sababu lilikuwa mali ya serikali yenyewe, likiwa na fedha za umma, wapigachapa wa umma na mtandao wa shule na maboma wa kulisambazia. Kwetu lilisimama juu ya mauzo, ada na mfuko wa mtu mmoja. Tofauti hii ya misingi ndiyo iliyozaa tofauti ya maudhui. Katika Mambo Leo msomaji alielekezwa namna ya kulima, kunawa na kuhifadhi fedha. Katika Kwetu aliweza kukuta malalamiko juu ya mishahara duni, elimu haba wanayopewa Waafrika, na namna biashara ilivyoshikwa na wasio Waafrika. Lawama dhidi ya wafanyabiashara wa Kihindi zilichukua nafasi kubwa, na si zote zilizokuwa za haki. Hasira iliyostahili kuelekezwa kwenye sheria na utawala ilielekezwa mara nyingine kwa jirani mwenye duka kubwa zaidi.

Kwa upande wa lugha, Kwetu lilizaliwa katika kipindi cha usanifishaji. Kiunguja kilikuwa kimechaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kazi mwaka 1930, na kamusi za Johnson zingetoka mwaka 1939. Kamati ilishughulika hasa na vitabu vya shule na tahajia yake. Gazeti la Fiah lilikuwa nje ya mkondo huo. Mhariri wake hakuwa mzawa wa lugha, na wasomaji wake wengi pia walikuwa wamejifunza Kiswahili kazini, jeshini, shuleni au sokoni. Kiswahili cha namna hiyo ndicho kilichotumika kujadili mambo ambayo vitabu vya shule havikuyagusa. Maneno kama chama, umoja, haki, ustaarabu na maendeleo hayakuwa mapya, lakini yalikuwa yakipata maana mpya katika mijadala ya magazeti. Neno chama, ambalo awali lilihusu hata kikundi cha ngoma au cha kuzikana, lilikuwa njiani kuelekea maana ya chama cha wafanyakazi na chama cha siasa. Wanaisimu wanaotafuta asili ya istilahi za siasa za Kiswahili wakiishia kwenye kamusi za miaka hiyo watakuta maana za shuleni tu. Zile za mitaani zimo katika magazeti.

5.0 Gatini

Vita Kuu ya Pili ilileta uhaba wa karatasi na udhibiti wa habari, na gazeti dogo liliumia kuliko kubwa. Lakini vita hiyo ilileta pia jambo ambalo Fiah alikuwa amelikosa katika miaka ya 1930, yaani umma wa wafanyakazi wenye nia moja.

Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwezi Julai 1939. Walikuwa vibarua wasio na chama, na mgomo wao haukuleta mafanikio makubwa. Waligoma tena mwaka 1943, katikati ya vita, wakati bei za vyakula na nguo zilikuwa zikipanda huku ujira ukibaki nyuma. Mwezi Septemba 1947 waligoma mara ya tatu, na safari hii moto haukuzimika bandarini. Ulifuata reli ya kati hadi Morogoro, Dodoma na Tabora, ukawaingiza wafanyakazi wa reli na wengineo. Makuli walipata nyongeza ya ujira, na baada ya mgomo wakaunda chama chao.

Fiah alijiunga na harakati hiyo na kushiriki katika uongozi wa chama cha makuli. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye gazeti na watu wenye uwezo wa kusimamisha kazi walikuwa upande mmoja. Kimaisha ilikuwa safari ndefu, kwani aliyeanza kwa kuwatetea wenye maduka aliishia kuwatetea wabeba magunia. Wapo wanaoliona badiliko hilo kuwa kigeugeu cha mtu anayetafuta wafuasi. Tafsiri yenye nguvu zaidi ni kwamba dai lake la awali, la kuwasemea Waafrika wote, lilikuwa tupu mpaka lilipokutana na watu waliokuwa na uwezo wa kulitimiza.

Mkutano huo haukudumu. Mwezi Februari 1950 mgomo mwingine wa makuli ulizua ghasia mjini. Chama chao kilivunjwa kwa amri ya mahakama mwaka huohuo, na mali yake ikachukuliwa. Kwetu nalo lilikoma kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Fiah akaachana na siasa za hadhara. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, jina lake halikuwa miongoni mwa waasisi.

6.0 Watu bila gazeti: Shinyanga na Geita

Reli iliyoupeleka mgomo wa 1947 bara haikuishia Tabora. Tawi la kwenda Mwanza kupitia Shinyanga lilikuwa limekamilika mwaka 1928, na kwa njia hiyo Dar es Salaam iliunganishwa na nchi ya pamba, ng'ombe na madini. Dhahabu ya Geita ilichimbwa na kampuni za Wazungu tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Hata hivyo, chimbuko la upinzani uliokuja kutikisa serikali lilikuwa shambani na zizini zaidi kuliko mgodini.

Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947 chini ya shirikisho la watemi lenye makao Malya, ulikuja na amri nyingi. Wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta ya namna fulani, kutumia samadi na kupunguza mifugo, na aliyekiuka alishtakiwa. Wakulima walijibu kwa kujipanga wenyewe. Kwenye vituo vya kununulia pamba waliweka watu wao wa kukagua mizani ya wanunuzi, na kutoka katika jambo hilo dogo la ratili na pauni kikakua chama kikuu cha ushirika kilichoongozwa na Paul Bomani na kuandikishwa mwaka 1955. Ikumbukwe kwamba TAA ya Jimbo la Ziwa ilitoa wajumbe kadhaa katika mkutano ulioizaa TANU, akiwamo mshairi Saadani Kandoro. Serikali iliona hatari mapema. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1954 hadi 1958 TANU haikuruhusiwa kufanya kazi Usukuma.

Ni katika hali hiyo ya kutokuwa na chama halali ndipo Geita ilipolipuka. Serikali ilipoleta baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, wananchi walilikataa. Mwezi Julai 1958 watu wapatao elfu moja walikwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao, wakakaa huko siku kadhaa wakikataa kuondoka, mpaka walipotawanywa kwa mabomu ya kutoa machozi. Serikali ilishinda siku ile lakini ikashindwa mwaka ule. Baraza liliachwa, amri nyingi za kilimo zikalegezwa, na kabla mwaka haujaisha TANU iliruhusiwa.

Watu hao hawakungoja amri kutoka Dar es Salaam, wala hawakuwa na gazeti lao. Habari zilipita kwa midomo, magulioni, kwenye vituo vya pamba na katika mikutano. Nguvu ya njia hiyo ni kwamba haina ofisi ya kufungwa wala mhariri wa kushtakiwa. Mwaka huohuo wa 1958 Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3000 kwa kashfa iliyotokana na makala ya Sauti ya TANU, na wahariri wa gazeti la Mwafrika walifungwa jela kwa uchochezi. Lakini njia ya mdomo ina udhaifu wake. Neno lisiloandikwa na wenyewe huandikwa na wengine. Tukio la Geita limehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika majalada ya mabwana shauri na vitabu vya wageni. Waliotembea wamo katika maandishi hayo kama idadi, na yale waliyoambiana njiani kwa Kisukuma, Kizinza na Kiswahili hayamo.

7.0 Hitimisho

Fiah anaweza kuhukumiwa kuwa alishindwa. Chama chake cha biashara hakikudumu, cha makuli kilivunjwa, na gazeti lake lilikufa kabla ya taifa alilolitamani kuzaliwa. Hukumu hiyo inasahau kwamba kwa zaidi ya miaka kumi, bila ruzuku ya serikali wala ya misheni, Mwafrika mmoja alithibitisha kuwa Kiswahili cha maandishi kinaweza kumtumikia msemaji wake bila kupitia mkono wa mtawala. Magazeti ya Kiafrika yaliyofuata, kama vile Zuhra la Mashado Plantan na Mwafrika la miaka ya 1950, yalikuta njia imekwisha kukatwa vichaka.

Udhaifu wake nao ni funzo. Gazeti lililosimama juu ya mfuko wa mtu mmoja lilianguka mtu huyo alipochoka, kwa kuwa wasomaji hawakuwa wamiliki. Geita ilikuwa kinyume chake, kwa kuwa kila mtu alikuwa mmiliki wa harakati lakini hapakuwa na ukurasa wa kuihifadhi. Kwetu kulikuwa mahali pawili, moja kwenye karatasi na jingine njiani kuelekea Mwanza, na havikuwahi kukutana.

Kwa watafiti wa Kiswahili kazi mbili zinafuata. Ya kwanza ni kuyasoma upya matoleo ya Kwetu kama ushahidi wa lugha ya umma uliokuwa ukijiunda nje ya Kamati, badala ya kuyasoma kama chanzo cha matukio tu. Ya pili ni kwenda Geita, Sengerema na Shinyanga kukusanya simulizi za 1958 kwa lugha zilimosimuliwa. Waliotembea wakiwa vijana wa miaka ishirini sasa wamepita umri wa miaka themanini na mitano, na majalada peke yake hayatawajibia.